Samaki kapona, nikimrudisha tenkini wenzake wanamtafuna. Wakuu nifanyeje?

KinyoziKusini (mleta uzi), Jumapili usiku

Wakuu habari za usiku. Mimi ni kinyozi hapa Mtwara mjini, saluni iko Chikongola. Msimu mmoja wa korosho mkono ulikaa vizuri, nikampa kazi fundi vioo anitengenezee tenki la samaki, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50. Nikaliweka pale wanapokaa wanaosubiri zamu. Samaki niliwafuata Dar, mbuna, wale wa Ziwa Nyasa. Nilipanda nao basi wakiwa kwenye mifuko ya hewa ndani ya ndoo, zaidi ya kilomita 500 nimewapakata kama mtoto mchanga. Walifika wote tisa.

Sita ni wa njano, watatu wana milia. Hao wa milia walikuja wakiwa na rangi ya dhahabu wote, mmoja akabadilika taratibu akawa mweusi, na wateja wakampa jina la Mjumbe kwa sababu hakuna anayepita bila kuulizwa anakwenda wapi.

Wiki tatu na ushee zilizopita nimefungua saluni asubuhi nikamkuta mmoja wa njano kajibanza juu kabisa nyuma ya bomba la filta. Mkia umeliwa hadi karibu na nyama. Ubavuni magamba yametoka, pamebaki pekundu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikamtenga kwenye beseni la lita 40, nikampa sponji kutoka kwenye filta ya tenki kubwa na pampu ndogo ya hewa. Chumvi ya mawe nikaisaga, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 20, naiyeyusha kwanza pembeni. Kila siku napunguza robo ya maji na kuongeza mapya yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi. Mteja mmoja alinishauri nimpake spiriti kama ninavyowapaka watu wakikatwa na wembe. Nilimtazama tu.

Siku tano hakula. Ya sita alitia mdomoni akatema. Ya saba akameza. Sasa hivi mkia umeota, ila ukingo wake bado unaonyesha upande wa pili kama nailoni.

Siku ya 19 nikamrudisha. Ilikuwa saa 6 mchana, wateja wanne wanashuhudia. Dakika kumi hazikufika. Mjumbe alimfuata, hilo nililitegemea. Kilichoniuma ni wale wa njano wenzake, waliosafiri naye mfuko mmoja kutoka Dar, nao wakamgeuka. Nimemtoa mdomo umechubuka. Yuko beseni tena, na jina kapata: Mwali. Yuko ndani, hatolewi.

Nifanyeje?

MingokoTamu

Mkuu uko Mtwara, bahari unaisikia harufu, halafu unamuuguza samaki kwa chumvi? Kwetu sisi samaki akishatiwa chumvi kituo kinachofuata ni kikaango.

KinyoziKusini

Cheka tu. Mwenyewe ana urefu wa kidole cha kati, hata sahani ya ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, hawezi kuisindikiza.

MzeeMitwero

Kijana, mimi niko Lindi, nimefuga mbuna muda mrefu kidogo. Kabla sijasema lolote nijibu haya. Mawe yamekaaje? Ulipomtoa yule mgonjwa uligusa kitu chochote humo ndani? Na hao wawili waliobaki na rangi ya dhahabu, una uhakika ni majike?

KinyoziKusini

Shikamoo mzee. Mawe ni lundo moja katikati, niliyaokota Mikindani nikayasugua na kuyachemsha. Sijagusa kitu. Majike nadhani, kwa sababu ya rangi.

Nahodha_Msanga

Chukua kikapu cha plastiki chenye matundu, kining'inize ndani ya tenki, mtie humo siku tatu nne. Wanamwona, wananusa maji yake, wanazoea. Mimi nilifanya hivyo kwa samaki wangu wa mapambo wale wanene wa rangi ya machungwa, nikaja kufungua kama vile hakuna kilichotokea.

MzeeMitwero

Shikamoo umeitikiwa, marahaba.

Nahodha, kikapu ni kitu kizuri kwa samaki wapole. Mbuna ni habari nyingine. Jina lenyewe limetoka kwa watu wa ziwani huko huko, maana yake ni samaki wa kwenye mawe, na jiwe kwao ndiyo nyumba, ndiyo shamba, maana wanakula ukoga ulioota juu yake. Mjumbe atakaa nje ya kikapu mchana kutwa anapiga kichwa kwenye matundu, na aliye ndani hana pa kukimbilia. Utamtoa amechoka kuliko alivyoingia.

Kijana, kidonda umekitibu vizuri, sina la kukosoa hapo. Kilichobaki ni nafasi yake. Ulipomtoa, sehemu yake haikukaa wazi siku 19 ikimsubiri. Huyu kachukua upenyo wake, yule kachukua pembe alimokuwa anapata chakula. Ni sawa na mtu aliyekwenda kutafuta maisha Dar, anarudi kijijini anakuta mikorosho yake inaokotwa na binamu zake. Hawamchukii. Lakini hapo akisimama kudai, patachimbika. Ndiyo maana hata wa njano wamemgeuka. Kwao si mwenzao tena, ni mdai.

Na ulimrudisha saa 6 mchana. Taa imewaka, kila mtu yuko kwenye eneo lake, macho wazi. Hakuna saa mbaya kuliko hiyo.

TichaMasasi

Naomba nimuunge mkono mzee kwa upande wa darasani, mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kuna jamaa wa mbuna anaishi Ziwa Tanganyika, anaitwa Astatotilapia burtoni, wanasayansi wamemchunguza sana kwa jambo hili hili la vyeo. Dume mwenye cheo ana rangi kali na mstari mweusi kwenye jicho, dume wa chini kapauka kama jike. Mwaka 2005 maabara ya Russell Fernald kule Stanford, Marekani, walionyesha kwamba ukimtoa mkubwa tenkini, dume wa chini anaanza kubadilika rangi na tabia ndani ya dakika chache tu. Dakika, siyo wiki.

Mwaka 2007 maabara hiyo hiyo ikachapisha kitu kingine ambacho kila nikikifundisha watoto wanabisha. Walimwacha samaki atazame wenzake wakipigana kupitia kioo: A kampiga B, B kampiga C, C kampiga D, D kampiga E. Kisha wakamwekea B na D, ambao hakuwahi kuwaona wakipambana. Akaenda upande wa D. Yaani alijua mnyonge ni nani kwa kuunganisha tu aliyoyaona.

Sasa rudi kwenye saluni yako. Wote walimwona Mwali akipigwa mara ya kwanza. Wote wakamwona akipigwa Alhamisi, au siku yoyote ile uliyomrudisha. Kila ukimtia humo akapigwa mbele yao, unawafundisha somo lile lile.

KinyoziKusini

Ticha umenitoa jasho. Kwa hiyo nimemharibia mwenyewe.

DadaFeri

Mimi nauza samaki pale Feri, wafu lakini, kwa hiyo mnisamehe. Ila macho yangu yanamjua samaki. Kaka kinyozi, umesema mkia umeota. Hujasema anavyokaa. Amefungua mapezi au ameyakunja? Matamvua yanakwenda haraka kuliko ya wenzake? Samaki anaweza kuwa amefunga kidonda na bado hana nguvu, ni kama mzazi wa siku arobaini, mwili umetoka kitandani, kazi hajaanza.

Unacho kile kioo kidogo cha kuonyeshea mtu kisogo. Kisimamishe nje ya beseni, sehemu inayopitisha mwanga. Akijiona akakimbia, mwache. Akijitanua na kukisogelea, basi anao moyo.

KinyoziKusini

Dada beseni si la kioo, ni la plastiki la bluu. Ila nimekitumbukiza kioo chenyewe, nimekisafisha kwanza. Ngoja nielezee. Dakika moja ya kwanza alikwenda nyuma ya sponji. Nikakaa kimya na mteja wangu mmoja, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, wote tumeinama juu ya beseni. Akatoka. Akasimama kama upana wa kiganja mbele ya kioo. Pezi la mgongoni likasimama lote, ule mstari mweusi wa ukingoni ukaonekana, na akaanza kutikisa mwili ubavu ubavu. Mkia ule mpya unatetemeka kama karatasi. Kisha akakipiga kioo na mdomo.

Mteja kasema huyu mtoeni ndani, kashafundwa.

DadaFeri

Basi mtoe. Na kioo ondoa, asijichoshe kupigana na nafsi yake.

Mkoma_Minazi

Mimi naona mnajisumbua. Samaki mmoja wa njano. Mpe mtu mwenye tenki lake, maisha yaendelee. Au huyo Mjumbe ndiye mumwondoe, kwanza ndiye mwenye kosa. Hao wa milia walivyo wakorofi hata kuwachanganya na wa njano lilikuwa kosa la siku ya kwanza. Na tisa ni wachache, kwa hiyo kipigo chote kinamwangukia mmoja.

MzeeMitwero

Mkoma Minazi kasema kwa ukali lakini hajakosea. Wa milia ni katika mbuna wakorofi kabisa, na wafugaji wengi huwajaza mbuna makusudi ili ugomvi usambae, mradi filta iweze kubeba uchafu wao. Ila hayo ni ya baadaye. Ukiongeza samaki leo kwenye ugomvi uliopo utakuwa na wagonjwa watatu. Tumalize la Mwali.

Fanya hivi. Acha kuongeza chumvi. Yenyewe haipandi hewani, inapungua kwa kubadilisha maji tu, kwa hiyo siku tatu hizi kila unapotoa maji ya beseni jazia maji ya tenki kubwa. Siku ya tatu atakuwa anaishi kwenye maji ya kwao tayari na hutahangaika na mambo ya kuelea kwenye mfuko. Angalia tu yasije yakakaa bila kubadilishwa. Maji ya mbuna ni ya alkali, yaani pH yake iko juu, na kwenye maji ya namna hiyo amonia inauma zaidi kuliko kwenye maji yenye pH ya chini.

Halafu jioni ya siku ya tatu, baada ya kufunga saluni, mtoe Mjumbe kwanza. Yeye ndiye anakwenda beseni. Toa mawe yote. Usilisogeze moja, toa yote, panga upya malundo mawili au matatu, na mapango mengi kuliko samaki, moja liwe upande ambao hapakuwahi kuwa na jiwe. Maji yatachafuka, wataparaganyika, ndiyo unachotaka. Asiwepo mwenye shamba usiku huo, wote wawe wageni. Walishe. Zima taa. Hapo ndipo umtie Mwali, kwa kopo, usitumie wavu, wavu unakwangua ule ute na ngozi mpya. Kopo lizame, atoke mwenyewe.

Mjumbe akae beseni siku tano mpaka saba.

MingokoTamu

Kwa hiyo mwali anatolewa usiku, gizani, bila ngoma. Babu zetu wangetushangaa.

Nahodha_Msanga

Na umeme ukikatika usiku huo? Pampu ikisimama na maji yameshavurugwa, joto hili la huku, asubuhi utawakuta wote juu wanahema.

KinyoziKusini

Hilo nimeshajipanga, ninayo pampu ya hewa ya betri. Umeme ukikatika mimi hata mashine ya kunyolea inakufa, kwa hiyo betri ni uhai wangu.

KinyoziKusini, Alhamisi alfajiri

MREJESHO. Jana nilifunga saa 2 usiku. Kumkamata Mjumbe peke yake ilikuwa kazi ya dakika arobaini, mpaka mawe yalipoisha yote ndipo akakosa pa kujificha. Nimeyapanga malundo matatu. Maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Nikalisha, nikazima taa, nikazamisha kopo. Hakutoka. Nimekaa kwenye kiti cha wateja gizani, mkono ndani ya maji, nafikiri kama dakika tano. Kisha nikahisi kopo limekuwa jepesi. Simwoni, lakini nimejua katoka.

Sikwenda nyumbani. Nimelala kwenye benchi. Saa 11 na nusu mwanga ulipoingia nimewasha tochi ya simu nikaitazamisha ukutani ili wasishtuke. Yuko chini, kwenye lundo la kushoto, lile la upande mpya. Mkia mzima. Wa njano wengine wanapita, mmoja kamsogelea, wamezungukana mara mbili, yule kaondoka. Basi.

TichaMasasi

Mzuri huo mzunguko. Wanapimana. Ubaya ni pale anayekimbizwa asipopewa nafasi ya kusimama.

DadaFeri

Hongera kaka. Sasa nenda kaoge.

KinyoziKusini, siku ya nne

Anakula pamoja na wenzake, anachelewa kidogo kufika juu lakini anapata. Ukingo wa mkia umeanza kuingia unjano. Kuna kitu kingine lakini. Mmoja wa wale wa milia tuliodhani majike, tangu juzi tumbo lake limeanza kuwa na kivuli. Leo asubuhi mteja ndiye aliyeniambia, "Kinyozi, huyu wako anaungua?" Kweli, ile dhahabu ya tumboni imekuwa kama mkaa uliopoa, na milia myeusi imeanza kupauka. Kashika lundo la katikati, hapitwi.

TichaMasasi

Nilijua! Hakuwa jike. Alikuwa dume aliyekuwa anajificha ndani ya rangi ya kike asipigwe na Mjumbe. Ulipomtoa mkubwa kiti kikabaki wazi, jamaa kavaa suti.

MzeeMitwero

Ndiyo maana nilikuuliza siku ya kwanza, ukanijibu kwa rangi. Anamfanyia nini Mwali?

KinyoziKusini

Mzee samahani, nimekawia kujibu. Hana shida naye sana. Anamfukuza akisogelea lundo lake, Mwali anarudi kwake kushoto, yeye anageuka. Hamfuati mpaka mwisho kama Mjumbe alivyokuwa anafanya. Shida yangu sasa ni huyu wa beseni. Siku ya saba imefika.

Mkoma_Minazi

Mrudishe tuone sinema.

MzeeMitwero

Mrudishe usiku kama tulivyofanya, lakini safari hii lala tena kwenye benchi.

KinyoziKusini, asubuhi ya siku ya nane

Sinema imeisha kabla sijalala. Nimemtia Mjumbe saa 3 usiku. Saa 5 nimesikia maji yanapiga kioo, nimewasha tochi, Mjumbe mwenyewe kajibanza juu kabisa, nyuma ya bomba la filta. Mahali pale pale nilipomkuta Mwali siku ile. Rangi imemtoka, amekuwa kama majivu ya sigara. Pezi la mgongoni limechanika katikati. Nimemchota na kopo, karudi beseni, na chumvi nimesaga tena. Maji ya beseni yalikuwa hata hayajamwagwa.

Nimeamka nimemchungulia Mwali. Yuko kushoto, anakwangua ukoga kwenye jiwe, hana habari na mtu.

MingokoTamu

Mjumbe kapigwa na mjumbe wa nyumba kumi mpya. Nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia.

KinyoziKusini

Wateja leo wamegawanyika. Wengine wanasema haki imetendeka. Mzee mmoja mnyoa ndevu kakaa karibu na beseni kimya muda mrefu, kaniuliza kama na huyu nitampa kioo.

MzeeMitwero

Usimrudishe tena humo. Ukirudisha huyu unalazimika kuvuruga mawe upya, na Mwali ambaye ndiyo kwanza kapata makazi atakuwa wa kwanza kupoteza. Pezi lililochanika litaota, si la kutisha. Muuguze wiki mbili, kisha nitumie. Mimi tenki langu lina mbuna zaidi ya thelathini na wakubwa wake ni wakubwa kweli, atajua adabu mwenyewe bila kuumia. Siku moja kabla ya safari usimlishe, asichafue maji njiani. Mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, maji theluthi moja, hewa theluthi mbili. Kisha ndani ya ndoo yenye mfuniko, asione mwanga.

DadaFeri

Mtwara mpaka Lindi ni saa mbili tu na gari, hata barafu haihitaji.

KinyoziKusini

Dada, huyu ni mzima!

DadaFeri

Mazoea kaka, nisamehe.

KinyoziKusini, wiki mbili baadaye

Ndoo nyeupe ya rangi ya ukutani, mfuniko una tobo moja, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito SAMAKI HAI USIWEKE JUA. Nimempa kondakta wa gari la saa 3 asubuhi, kaiweka miguuni kwake nyuma ya kiti cha dereva. Mzee ukiipata niambie.

MzeeMitwero

Nimeipokea stendi. Kondakta kaniambia abiria wawili wamemuuliza bei. Kaamka, anahema vizuri, pezi limefunga. Nimemwacha kwenye ndoo mpaka jioni, mawe nimeshayatoa.